Nilivyomshinda Baba Kwenye Mnada wa Kanisa

Mimi shule niliishia kidato cha pili. Nasema niliishia ili ionekane niliamua mwenyewe. Ukweli ni kwamba matokeo yalitoka, jina langu halikuwemo, nikakunja godoro nikapanda mlima kurudi nyumbani. Katika sisi wawili, aliyefaulu kurudi mzima ni godoro.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, na alikuwa ameshawatangazia watu kwamba nitakuwa bwana shamba. Hakunipiga wala hakunigombeza. Ingekuwa nafuu. Alichofanya ni kuacha kunitaja. Akija mgeni anamtajia watoto: yule mwalimu, yule ameolewa Gonja, yule yuko jeshini, wale wadogo ndio hao. Halafu anaomba chumvi. Siku moja mgeni akauliza, "Si mlikuwa na mwingine?" Baba akasema, "Yule bado." Bado nini, hakusema. Wiki ileile nikashuka Same, nimejiapia sirudi mpaka niwe mtu.

Kuwa mtu kulinichukua miaka saba. Ya mwanzo ilikuwa ile ya shida, sabuni kwa foleni, sukari kwa kujuana, nikibeba magunia kwenye mashine ya kusaga. Ilipokuja ruksa ya kuleta bidhaa za nje, nguo za kafa ulaya, ile mitumba tuliyoamini ni ya wazungu waliokufa, zikaanza kuingia, na mimi nikaingia nazo. Leo gulio la Hedaru, kesho la Ndungu, jioni narudi Same na vumbi mpaka kwenye meno. Nilipanga chumba kimoja. Belo la nguo ndilo lilikuwa kitanda, kiti, na siku nyingine mtu wa kuongea naye. Wa kucheka nao gulioni walikuwa wengi, maana mdomo ninao. Wa kuniuliza kama nimekula, hakuna.

Krismasi wenzangu wote walipanda milimani. Mimi nilibaki, nikisema nina biashara, na Krismasi nzima sikuuza hata soksi. Nilikaa mlangoni naangalia ile milima, iko karibu kiasi kwamba unaona moshi wa watu wanaopika, najiambia bado kidogo. Nyumbani kutuma chochote sikutuma. Nilitaka nije navyo vyote kwa pamoja, vionekane.

Basi mwaka wa saba nikajitazama kwenye kioo changu kilichovunjika, jicho moja moja kwa zamu, nikaona mtu. Amevaa koti zito la sufu, la mzungu mmoja mnene ambaye alikufa vizuri bila kulichafua, na viatu vya ngozi vilivyonizidi saizi, nikavijaza karatasi puani. Nikachagua Jumapili ya mavuno. Siku hiyo kanisa linajaa, na baada ya ibada kuna mnada. Kwetu asiye na hela huleta alichonacho: mkungu wa ndizi, tangawizi, mayai, kuku. Vikishaombewa vinatolewa nje kwenye majani vinanadiwa, hela inaingia kwenye sadaka. Na toka utoto wangu nilijua anayenunua sana ndiye anayetazamwa sana.

Nilichelewa makusudi. Niliingia katikati ya mahubiri, viatu vinagonga sakafu, nikapita mpaka benchi la mbele ambalo halikuwa na nafasi, nikarudi nyuma tena vikigonga. Baba hakugeuka.

Mnada ulipoanza nilinunua ndizi. Nikanunua maboga, nikanunua tangawizi ambayo sikujua nitaifanyia nini. Nilisikia minong'ono.

"Huyo nani?"

"Si yule kijana wa mzee, yule wa Same."

"Amenenepa."

"Siyo yeye, ni koti."

Halafu mnadi akanyanyua kuku. "Mtetea," akasema, bila zile kelele alizozipigia ndizi zangu. "Anataga."

Baba, amesimama ng'ambo ya majani, akasema taratibu, "Ishirini." Mnadi akaanza kumpelekea kuku hapohapo.

Nikasema, "Hamsini."

Mnadi akasimama. Baba akageuka akaniangalia. Miaka saba nilikuwa nausubiri ule uso unigeukie.

"Sitini," akasema.

Moyoni nilikuwa nacheza ngoma. Nikaona huu sasa ni mchezo, baba na mwanawe, kanisa zima linatutazama. Nikasema mia. Mama mmoja jirani yetu akanivuta koti kwa nyuma. "We baba, acha." Nikadhani anaihurumia mifuko yangu. "Usijali mama," nikamwambia, "zipo."

Baba akafungua kiganja, akaangalia kilichomo, akakifunga. "Mpe," akasema.

Nikachukua kuku wangu, nikavuka majani yote yale nikikanyaga karatasi zangu ndani ya viatu, nikamkabidhi baba mbele ya watu. "Zawadi yako, baba." Akampokea kwa mikono miwili. "Asante. Mungu akuzidishie." Hakuna aliyepiga makofi.

Yule jirani ndiye aliyenieleza, tukiwa njiani, mimi nimekumbatia maboga.

"Yule kuku ni wa baba yako."

"Si ndiyo, nimempa."

"Hapana. Ndiye aliyemleta."

Akanifafanulia polepole. Tangu miaka ya shida, mtu akibakiwa na kuku mmoja tu anamleta kanisani atoe sadaka kama wengine, halafu kwenye mnada anamkomboa kwa sarafu aliyonayo. Wote wanajua, wote wananyamaza. Mwenye kuku akitaja bei, imekwisha.

"Baba yako anamleta huyohuyo mwaka wa tatu sasa," akasema. "Hata watoto wanajua."

"Mimi sikujua."

"Utajuaje."

Nilipofika nyumbani baba alikuwa nyuma ya nyumba, ameshamchinja.

"Baba, yule si anataga?"

"Mgeni amekuja," akasema, akiendelea kunyonyoa.

Nikaenda jikoni, nikamwambia mama mimi nataka makande tu, nimeyakosa miaka yote hiyo. Mama akacheka kidogo, hakuniangalia, akaendelea kuchagua mchele kwenye ungo. "Utakula makande na koti hilo? Nenda ukakae, baba."

Wakanikalisha sebuleni, kwenye kile kiti chenye kitambaa cha kufuma ambacho sisi watoto tulikatazwa hata kukiegemea. Wali ukaja, kuku akaja. Baba akakaa mbele yangu. Firigisi nyumbani kwetu ni ya baba, hakuna mtoto aliyewahi hata kuiulizia. Siku hiyo aliichota kwa kijiko akaiweka kwenye sahani yangu.

"Kula, bwana mkubwa," akasema. Hakuwa ananikejeli. Baba hakujua kukejeli.

Nikaitafuna muda mrefu, kwa sababu kuku alikuwa mzee na firigisi yenyewe ngumu, na kwa sababu sikujua nitasema nini ikiisha. Kule jikoni mama na wadogo zangu walikuwa wanakula makande. Nilisikia vijiko, kisha mtu akasema kitu kwa Kipare, wote wakacheka, na mimi nikawa naangalia mlangoni kama nitaitwa.