Siku Mwali Aliposubiri Kura

Siku ile naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Nilikuwa mgeni wa ndoa huku Masanze, mtoto wangu wa kwanza mgongoni, na kiuno kilikuwa kinanicheza chenyewe nikisikia ngoma. Usicheke, mwanangu. Bibi yako alikuwa anajua kucheza.

Kitongoji chetu kilikuwa kinachagua mwenyekiti. Aliyekuwepo, Mzee Kibwana, alitaka aendelee. Mtu huyo alikuwa amesogeza shamba lake la mpunga mpaka likameza njia ya mtoni. Sisi wanawake tukawa tunazunguka porini na ndoo kichwani. Mwenzetu mmoja aliteleza korongoni, akapoteza mimba. Tukalalamika mkutanoni. Unajua alitujibu nini?

"Maji hayajahama. Zungukeni."

Aliyeshindana naye alikuwa fundi baiskeli, mtu mpole, ahadi yake moja tu: kufungua njia. Wanaume wengi walikuwa upande wa Mzee Kibwana, maana mashamba walikuwa wanakodi kwake, na maji hawachoti wao. Tuliobaki ni sisi.

Sasa tazama ujanja wa mtu. Siku ya kupiga kura, yeye akaitangaza kuwa siku ya kumtoa binti yake uwali. Na kwetu mwali akitolewa, wanawake wote wako uwanjani tangu asubuhi, na haondoki mtu mpaka mwali atoke. Kuondoka katikati ni kumtukana mwali, mama yake na kungwi wake. Kwa hiyo alitufungia pale kwa ngoma na sufuria za pilau, bila kufuli.

Nasi tukacheza! Tulicheza mpaka vumbi likatushika kope. Kungwi alikuwa Bibi Mwanaidi, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kufukuzia ngedere shambani. Jua likapanda, mwali bado yuko ndani. Bibi Mwanaidi akainua mkono, ngoma ikanyamaza.

"Nyie, kesho maji mtachota wapi?"

Mmoja wetu akajikaza. "Bibi, tukiondoka si tunaharibu mila?"

"Mila nimeishika mimi kabla mama yako hajavunja ungo! Mwali si togwa, hachachi. Atasubiri. Kule wakifunga sanduku, wamefunga. Kazeni khanga, twende."

Akamwacha mwali na ajuza mmoja, tukatoka hivyo hivyo, unga usoni na njuga miguuni. Mbele kabisa alitembea mama wa mwali, mke wa Mzee Kibwana mwenyewe. Hakuna aliyemwambia aje, na mpaka leo hakuna anayejua alimchagua nani. Lakini ndoo na yeye alikuwa anabeba.

Msimamizi wa kura alipotuona akashika kichwa. "Jamani akina mama, hapa siyo ngomani!"

"Tunajua, baba," Bibi Mwanaidi akamjibu. "Kule tulikuwa tunacheza. Hapa tumekuja kufanya kazi."

Tukapanga foleni, kila tukisogea njuga zinalia. Fundi baiskeli akashinda. Njia haikufunguka kesho yake, sitaki kukudanganya; tulimbana kwenye vikao mpaka ikafunguka. Baadaye naye akaanza kuvimba kichwa, tukamtoa kwa kura zile zile. Na mwali alitoka jioni ile, amependeza, wala hakupungukiwa kitu.

Sasa wewe mwanangu uliyeko Mikumi, unayewapikia madereva wa malori, juzi umeniambia kwenye simu, "Bibi, kwani kupiga kura ni lazima? Wote si wale wale?" Kweli, hakuna polisi atakayekuja kukutoa kitandani. Lakini hakuna polisi anayekulazimisha kuniamkia pia, na hujawahi kunipita bila shikamoo. Wala hakuna aliyekushika mkono kwenda msibani. Unakwenda kwa sababu unaishi na watu. Kura nayo ni hivyo. Ni wajibu wako, nasema bila kutafuna maneno, na darasa langu la tatu hili hili.

Kama kura yako ni bure, mbona Mzee Kibwana alichinja mbuzi ili nisiipige? Mtu akikuambia kaa nyumbani, jiulize atafaidi nini ukikaa. Ukiwaona wote wabaya, mchague yule utakayeweza kumkaripia mkutanoni akakusikiliza. Usichague kwa dini wala kabila, wala kwa khanga ya kugawiwa. Hiyo itachuja na aliyeigawa bado yuko kwenye kiti. Na ukishapiga, usirudi kulala miaka mitano. Nenda kwenye vikao, uliza, wakasirike.

Mungu akupe afya, mwanangu, akujalie wateja wanaolipa na watoto wasioogopa kusema. Siku ya kura ikifika akuamshe mapema, akufikishe, akurudishe salama. Na yule utakayemchagua, Mungu amtie haya mbele yako. Amina.