Godauni la pamba kwenye ubao wangu wa stesheni ya Shinyanga, na ubishi wa bibi na kaka yake

Wakuu, salaam. Wakubwa shikamooni, wa rika langu tusalimiane tu.

Uzi huu unahusu ule ubao wangu wa treni ambao picha zake niliziweka hapa mwezi uliopita. Naandika yaliyotokea nyumbani baada ya zile picha. Niliyoyaona nitayasema kama nilivyoyaona, na pale nisipojua nitasema sijui. Wanaonifahamu humu wanajua mimi ni mtu wa kubisha, kwa hiyo nanyi mna haki ya kunibishia.

Kwa mgeni wa jukwaa: humu tunajenga reli ndogo. Mtu anachukua stesheni, daraja au karakana ya kweli, anaipunguza kwa kipimo mpaka itoshe mezani, kisha anaipiga picha na kuwaonyesha wenzake. Wengi wetu tukiwaambia ndugu zetu kuhusu hobi hii wanauliza kama tunaumwa.

Mimi niko Kahama. Nilimaliza chuo, nikarudi nyumbani kusubiri ajira, na katika kusubiri nikaanza kujenga.

Nilichagua stesheni ya Shinyanga ya miaka ya hamsini. Sababu ni kwamba sikuziamini hadithi za nyumbani. Nimekua nikisikia habari za stesheni ile: marobota ya pamba yamepangwa mpaka juu, ng'ombe wanapakiwa kwenye mabehewa, vijana wanaondoka kwenda kukata mkonge. Kila anayesimulia anasimulia tofauti, na kila mmoja anaapa. Nikasema nitaijenga kwa vipimo. Vitu vikishakaa mahali pake, uongo utajitenga wenyewe.

Niliazima picha moja ya zamani, nusu yake imeliwa na mchwa. Mengine nikayapata kwenye picha za setilaiti za sasa, na kwa kuuliza.

Kokoto za reli nilizichekecha kutoka korongoni nyuma ya nyumba. Tenki la maji ni kopo la nyanya. Mabati ya paa ni zile karatasi zinazong'aa za ndani ya pakiti za sigara, nikazikunja mikunjo kwa meno ya kitana. Mabehewa nilinunua ya mtumba mtandaoni nikayapaka rangi upya. Watu na ng'ombe walikuja kwenye pakiti kutoka Ulaya, watu nikawapaka rangi wafanane nasi.

Ng'ombe ndio walioniaibisha. Bibi yangu aliwaona kabla sijawagusa.

"Mume wangu, hizi ng'ombe ni za nani?"

"Za Shinyanga, bibi."

"Shinyanga ipi? Hazina nundu. Ukizipeleka kutoa mahari watakurudisha nazo, na wewe watakushika kwa wizi."

Nikawatengenezea nundu za gundi na unga wa mbao. Hapo ndipo bibi alipoanza kuuheshimu ubao. Kila jioni akawa anavuta kigoda chake anakaa kuutazama.

Sasa nimtambulishe vizuri, maana uzi huu ni wake. Bibi Kabula alizaliwa kijiji kimoja kusini mwa Shinyanga mjini. Akiwa mdogo kabisa, baba yake aliandikishwa kwenda mkonge, akapanda treni ya kwenda Tabora na pwani. Hakurudi. Ilikuja habari tu kwamba amefariki huko huko na amezikwa huko huko.

Hakuna picha yake. Kaburi lake hatulijui. Alichonacho bibi ni kitu kimoja: anakumbuka kwamba yeye na mama yake walichelewa, na treni iliwakuta bado wako barabarani, na baba yake akawapungia kutoka dirishani.

Basi. Hadithi yake inaishia hapo, na si kwa sababu imekwisha. Inaishia hapo kwa sababu kaka yake huwa anaikata.

Kaka yake ni Babu Masanja wa Masumbwe. Anakuja Kahama kwa ajili ya kliniki ya presha, anafikia kwetu, na tangu nikiwa mtoto nawasikia hivi hivi.

"Baba alinipungia," bibi anaanza.

"Hukuwepo wewe. Ulikuwa ndani, una surua."

"Nilikuwepo, Masanja."

"Surua ilikupungia."

Watu wanacheka, bibi naye anacheka kidogo, mazungumzo yanahama. Mimi nilikuwa upande wa babu. Mtoto wa umri ule anakumbuka nini? Chuoni tulisoma jinsi kumbukumbu ya mtu inavyojijaza yenyewe kwa yale anayosimuliwa. Nilimpenda bibi, lakini sikumwamini.

Mwezi uliopita babu alikuja kliniki, akaukuta ubao umekamilika. Nikamfundisha namna ya kuutazama. Wakuu mnajua: ubao hautazamwi kutoka juu kama mwewe. Unainama mpaka jicho lako liwe usawa wa wale watu wadogo, unafumba jicho la pili, na ghafla unakuwa umesimama Shinyanga.

Babu akainama, magoti yanalia. Kisha akasema, "Wewe Kabula. Ulisimama wapi siku hiyo?"

"Barabarani. Ile ya kutokea kwetu."

"Onyesha."

Bibi akaitafuta barabara. Kwenye ubao wangu kuna kipande kimoja tu cha barabara, kinapita nyuma ya godauni la pamba. Akaweka kidole hapo.

Babu akahama, akainama nyuma ya kidole chake.

"Naona godauni," akamwambia dada yake. "Njoo, mayu, uone na wewe. Gari moshi linatoka huku, linaingia nyuma ya godauni, limekwisha. Wewe ulipungiwa na ukuta."

Bibi akainama. Alitazama zaidi ya alivyotazama babu. Aliponyanyuka hakubisha, na hilo ndilo lililonishtua, kwa sababu bibi hajawahi kumwachia Masanja neno la mwisho.

"Basi labda niliota," akasema.

Akabeba kigoda chake akaenda jikoni.

Mimi jioni ile nilipiga picha kutoka usawa wa barabara, ukuta wa godauni umejaa fremu nzima, nikaiweka humu na maneno: "Ubao wamaliza ubishi wa ukoo." Mlinipongeza. Wengine mlisifu kutu ya mabati. Nilijisikia nimefanya kazi ya maana. Hadithi moja imepimwa, imeanguka.

Lakini bibi hakurudi kukaa kuutazama ubao. Kigoda kilibaki jikoni. Wiki iliyofuata mama alimtania kuhusu "yule mchumba wako wa dirishani", utani wa kila siku, na bibi akasema tu, "Hayo yalishakwisha." Mzee wa umri ule alikuwa na kitu kimoja cha baba yake, na sasa hana.

Kisha mdau mmoja wa Tabora, ambaye huwa haandiki sana, akaweka swali chini ya picha yangu:

"Mkuu, hilo godauni umeliweka pale kwa sababu lilikuwepo pale, au kwa sababu ubao umeisha?"

Nimelisoma swali hilo mara nyingi kuliko mtihani wowote.

Kwa wageni, nieleze. Reli ya kweli inaendelea mpaka Tabora. Reli ya mezani inafika ukingoni inakatika, au inatoboa ubao wa pembeni na kupita kwenye tundu. Tundu lile ni baya kwenye picha. Kwa hiyo sote tunaliziba: mwingine anaweka mti, mwingine kilima, mwingine jengo. Ni ujanja wa kwanza kabisa tunaofundishana humu.

Mimi niliweka godauni.

Nilirudi kwenye picha ya zamani. Godauni lipo, hilo si la kubuni. Unaliona linapoanzia. Linapoishia ndipo mchwa walipoanzia. Sikujua urefu wake wakati najenga, na sijui mpaka leo. Nililirefusha mpaka ukingoni kwa sababu nilikuwa na tundu la kuziba. Barabara nayo, ile ya kweli, inakuja kutoka kusini kwa mwendo mrefu kandokando ya reli, mahali ambapo kwenye ubao wangu hapapo kabisa. Bibi alipoulizwa alisimama wapi, aliweka kidole kwenye kipande pekee cha barabara nilichompa.

Mimi ninayejidai kuhoji kila kitu sikuuhoji ukingo wa ubao wangu mwenyewe.

Nisieleweke vibaya. Hii haimaanishi bibi alimwona baba yake. Inamaanisha tu kwamba ubao haukuwa na haki ya kusema hakumwona. Hayo ni mambo mawili, na tofauti yake ni kubwa.

Nililibandua godauni kwa kisu. Nikaunga ubao mwingine upande wa kusini, kipande cha mlango wa kabati lililovunjika, nikautandazia reli na barabara. Pembeni nikapanda minyaa ya nyuzi za katani zilizopakwa kijani. Sikuweka jengo lolote. Tundu likabaki wazi, baya vilevile.

Babu alipokuja tena kliniki nikawaita wote wawili. Nikawaeleza yote: kwamba godauni lilikuwa la kuficha tundu, kwamba sijui liliishia wapi, kwamba safari iliyopita ubao ulidanganya.

Babu akaudhika kidogo. "Kwa hiyo tulikuwa tunatazama mapambo?"

"Nusu yake, babu."

"Na hiyo shahada walikupa yote au nusu yake?"

Nikawapa watu wadogo kwenye kifuniko cha kopo. Nikasema safari hii mimi sipangi kitu. Wekeni mnavyojua ninyi.

Bibi hakukawia. Alichukua mwanamke mmoja, akamweka mbali kabisa na stesheni, kwenye ubao mpya, mahali ambapo safari ya kwanza hapakuwepo. Akachukua mtoto akamweka ubavuni mwake. Akawasogeza nyuma kidogo, akawarudisha, akatosheka. Kisha akaniambia nilete behewa la daraja la tatu, nami nikalisukuma kwa kidole polepole mpaka aliposema hapo.

Babu alikuwa bado ameshika mtu mmoja kati ya vidole.

"Na wewe babu, uko wapi hapo?" nikauliza. Niliuliza kwa kutaka kujua tu, kama ninavyouliza kila kitu.

Akamgeuza yule mtu, akamtazama uso. Akatazama stesheni, akatazama barabara. Mwisho akamlaza mezani, nje ya ubao.

"Huko hujafika na mbao zako," akasema. "Mimi nilikuwa machungani."

Bibi akamgeukia. "Machungani?"

"Mama alisema nikiacha ng'ombe zitaingia kwenye pamba ya jirani. Akakuchukua wewe."

"Na surua?"

"Surua uliugua. Sijui kama ni siku hiyo."

Nilitegemea bibi amshukie. Alikuwa na kila sababu.

"Kwa hiyo maisha yote unanibishia," akasema taratibu, "na hukuwepo."

"Sikuwepo, Kabula."

Bibi akamwokota yule mtu mezani akampangusa vumbi kwa ncha ya kanga, akaendelea kumshika.

Kisha Babu Masanja akauliza kitu ambacho sijawahi kumsikia akikiuliza.

"Alivaa nini?"

"Koti la kaki. Alivua kofia akaishika nje ya dirisha, upepo ukawa unaivuta."

"Ile ya pama?"

"Ile uliyokuwa unaivaa akienda kuoga."

Babu akacheka, akajifuta pua kwa nyuma ya mkono. "Kwa hiyo alijua?"

"Kila mtu alijua. Kichwa chako chote kilizama humo."

Akakaa. Baadaye, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya kitu asichoweza kununua: "Alitazama upande gani?"

Nilimwona bibi anaitazama barabara yangu, na minyaa, na baada ya minyaa meza tupu.

"Alitutazama sisi," akasema. "Halafu akatazama upande wa machungani. Alitazama huko mpaka gari likapinda."

Sijui kama hilo ni kweli, wakuu. Sijui kama bibi alilikumbuka au alimpa tu kaka yake. Mtoto mdogo angejuaje baba anatazama wapi? Swali lilikuwa mdomoni.

Sikuliuliza.

Wakaendelea kuzungumza mpaka chai ikapoa, na safari hii hakuna aliyemkata mwenzake.

Nilichojifunza ni kidogo, nakiandika kwa wajenzi wenzangu. Tukionyeshana kazi zetu, tuseme wazi kipi tumekipima, kipi tumekibuni, na kipi tumekiweka ili kuficha tundu. Mtazamaji hawezi kujua, na anaweza kuondoka na jambo kubwa kuliko tulivyokusudia. Anayependa kuhoji aanzie kwenye ukingo wa meza yake.

Ile picha yangu ya kumaliza ubishi nimeiomba iondolewe. Mdau wa Tabora, ahsante.

Godauni liko juu ya kabati. Mwenye picha ya yadi ya Shinyanga ya miaka ile, au mwenye mzee anayekumbuka lilipoishia, naomba aandike hapa chini. Nikipata kipimo nitalirudisha kwa urefu wake halisi, hata kama litaziba barabara yote. Nimemwambia bibi hivyo mapema asije akashtuka.

Amesema nitafute tu, yeye anajua aliposimama.

Nanyi wakuu, kwenye mbao zenu mmeficha nini, na kuna mtu nyumbani aliyewahi kukiamini? Karibuni, nasoma kila jibu.