Beseni la Marehemu

Maswali yenyewe nimeyajibu mara nyingi mpaka nikisikia mwanzo wake najua mwisho. Je, katika mwezi uliopita umewahi kuona aibu kwa sababu ya hali yako? Kamwe, mara chache, mara nyingi, au kila wakati? Nimeulizwa na wanafunzi, nimeulizwa na madaktari, nimeulizwa na mzungu aliyekuja na mkalimani, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimechoka. Wa mwisho alikuwa sista wa kliniki yetu hapa Kangemi, nesi kijana aliyekuwa akisomea shahada nyingine chuoni. Yeye nilimkubalia kwa sababu mkono wake ni mwepesi. Akikutoa damu, unaona chupa imejaa kabla hujakunja uso.

Alikuwa anatafiti habari zetu sisi wanawake tunaokunywa dawa za virusi: ni nini hutufanya tuendelee nazo na ni nini hutufanya tuziache. Alitaka wazee kama mimi tuliozianza zamani, na alitaka pia wasichana wenye mimba wanaozianza sasa, ili mtoto asizaliwe na ugonjwa. Alituita ofisini kule Hurlingham, juu ghorofani, mahali ambapo mtu wa mtaa wetu hawezi kukuona ukiingia. Karatasi zake hazikuwa na majina. Alituomba hata tukikutana kwenye ngazi tusiitane. Mimi majina yao ninayo yote, ya waliopo na ya waliotangulia, na hapa sitaandika hata moja.

Siku ya mwisho akasema angependa kutushukuru kwa kitu cha kutusaidia nyumbani, tuchague wenyewe. Basi tukazozana hapo kama tuko kwenye chama. Mmoja alitaka sukari.

"Sukari utakunywa wiki moja iishe," akajibiwa.

"Basi leso."

"Leso ya nini? Mimi za wanasiasa zimejaa kwangu, nafungia mpaka viazi."

Halafu mama mmoja akasema beseni, ile kubwa ya kumwogeshea mtoto, na wote tukaitikia kwa pamoja. Beseni! Hakuna aliyefikiri mbele, si sisi, si yeye. Sista akaenda katikati ya mji kwa Mhindi mmoja wa duka la jumla, akapata mzigo uliobaki wa aina moja, akaununua wote. Yalikuwa mabeseni mazuri, magumu, ya kijani kibichi, yenye madoadoa meupe kama maziwa yamerukia.

Sasa, mtu wa Kangemi halali na beseni ndani. Chumba chenyewe ni kitanda, jiko na pazia. Beseni unaliegemeza nje ya mlango, unafulia mferejini, penye bomba la wote, watu wakiona, unabebea mboga, unamwogeshea mtoto palipo na jua. Kwa muda mfupi tu ya kijani yenye madoadoa yalianza kuonekana mbele ya milango fulani. Na baadhi ya milango hiyo ilikuwa inajulikana. Wangu ulijulikana, kwa maana mimi nilishasimama kanisani zamani nikasema hali yangu, nikamaliza. Lakini hatukuwa wote tuliomaliza.

Katika ploti yetu, vyumba vya kupanga vya ua mmoja, mlango unaofuata wangu, kulikuwa na msichana wa kwetu magharibi, ameolewa, mimba yake ndiyo imeanza kuonekana. Aliniita kukhu, ndivyo tunavyoita nyanya kwetu. Mume wake alifanya kazi machinjioni Dagoretti, kijana mpole, akirudi jioni ananuka nyama na sabuni. Msichana alipoanza kliniki ya mimba alipimwa, akaambiwa ana virusi. Mume hakujua. Alikuwa akitafuta siku ya kumwambia, na kila siku ilikuwa na ubaya wake. Leo amerudi amechoka. Leo kuna mgeni. Leo amefurahi sana, nimharibie ya nini? Dawa alizificha ndani ya unga wa wimbi. Tulikutana kwenye ngazi za Hurlingham, tukatazamana, tukapita. Tulipofika nyumbani aliingia kwangu akaketi kitandani. Nilimpa chai.

Aliyemwogopa zaidi si mume. Alimwogopa wifi yake, dada mkubwa wa mume, ambaye chumba chake kilitazamana na chao. Huyo aliuza omena, wale dagaa wa ziwa, sokoni. Mkono wake ulikuwa wazi, hukosi kitoweo ukiishi naye, lakini mdomo ulikuwa wazi zaidi. Na neno lake kwa yule ndugu yake lilikuwa sheria, kwa sababu ndiye aliyemlea. Angesema huyu mke arudishwe kwao, angerudishwa, na kule kwao kliniki ni mbali na mama wa kambo ndiye mwenye nyumba. Dawa zingeishia njiani. Hayo sote wawili tulikuwa tunayaona.

Ikawa Jumamosi, siku ya kufua. Mfereji ulikuwa na maji, kwa hivyo ploti nzima ilikuwa nje. Msichana alikuwa amechuchumaa kwa shida na lile tumbo, anafua nguo za kazi za mume ndani ya beseni lake la kijani. Nilimkataza asilitoe, lakini la zamani lilikuwa limepasuka. La kwangu lilikuwa mlangoni, nimelowekea sukuma wiki. Wifi akaingia langoni kutoka sokoni, kapu kichwani, akasimama.

"Wuui! Hii ploti imeingiliwa!" akasema, anacheka. "Hizi beseni si nimeziona soko mzima! Yule mama wa mitumba ako nayo. Yule wa ndizi ako nayo. Na nyinyi mnajua hao wanakunywanga dawa gani."

Wanawake wakacheka, wale wa kucheka. Wengine wakainama wakafua kwa nguvu.

Akatua kapu. "Na wewe mke wa ndugu yangu, yako umetoa wapi?"

Msichana hakuinua kichwa. Niliona mikono yake imesimama ndani ya povu. Mtu akinyamaza kidogo hivyo katika ploti, jibu limeshatoka.

"Hiyo ni yangu," nikasema mimi. "Nimemwazima."

"Si yako ni hiyo iko na sukuma?"

"Na hiyo pia ni yangu."

"Mbili?" Akaweka mikono kiunoni. "Wengine wanapewa moja, wewe Mama unapewa mbili? Kwani uko nayo mara mbili?"

Hapo kila mtu alicheka, hata mimi ningecheka siku nyingine. Nilikuwa nimesimama mlangoni, magoti yananiuma, jua limenipiga, na akili yangu ilitafuta uongo mwingine ikakosa. Kulikuwa na mmoja tu uliokuwa karibu.

"Moja ni ya marehemu," nikasema.

"Marehemu gani?"

"Binti yangu. Walituuliza habari za tuliowauguza pia. Nikawaeleza yake. Wakanipa na ya kwake."

Kicheko kikakatika. Huyu wifi alikuwa rafiki wa binti yangu. Walikuwa wakisukana nywele hapo hapo mferejini. Binti yangu alipofariki, sisi wawili ndio tuliomwosha kabla ya gari kumpeleka nyumbani magharibi kuzikwa.

"Lakini yeye si alikuwa na kifua?" akauliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Nilisema kifua."

Binti yangu ndiye aliyeniomba niseme hivyo. Siku zile za mwisho, sauti yake imebaki kama karatasi, aliniambia, "Mama, wakiuliza, ni kifua." Nikamwambia ndiyo. Nilisema kifua kwa mchungaji, nikasema kifua kaburini mbele ya ukoo wote, na hata nilipokuja kusema habari zangu mwenyewe kanisani, yake niliiacha imefunikwa. Miaka yote hiyo. Halafu nikaifunua mbele ya mfereji, kwa sababu ya beseni.

Wifi aliketi juu ya jiwe la kufulia. "Na mimi nilimwosha na mikono mitupu."

"Ulimwosha vizuri," nikamwambia. "Na hujaugua. Maiti haikukuuma."

Akachukua kapu lake akaingia ndani. Hakuuliza tena habari ya beseni lolote. Msichana akaendelea kufua. Suruali ile ile, anaisugua mahali pale pale.

Niliyoyataka yalitimia: macho ya watu yakahama kutoka mlango wake, yakaja kwangu na kwa binti yangu. Lakini yakija hayaji matupu. Wamama wa kanisa wakanitembelea wakitaka kujua kwa nini waliambiwa uongo kwenye matanga. Dada yangu akapiga simu kutoka nyumbani, habari ilishafika huko kabla ya nguo kukauka.

"Umemvua mtoto nguo," akaniambia. "Amelala kaburini na wewe umemvua nguo. Kwa nini?"

Ningemwambia kwa nini, ningekuwa nimemvua mwingine. Nikasema, "Nimezeeka, dada. Ulimi umeniponyoka." Akakata simu, na kwa muda mrefu hakupiga tena.

Wiki ileile msichana akaja kwangu, akasimama karibu na pazia. Akasema amefikiria, heri aache kwenda kliniki kabisa, maana nesi akionekana ploti, au mtu akimwona kwenye foleni, yote yatarudi. Atanunua dawa za mitishamba. Atamwomba Mungu.

Mimi si mtu wa kupiga kelele, lakini siku hiyo nilipiga. "Nimemtoa wangu nje ili wewe ukae ndani," nikamwambia. "Sasa umeze dawa. Umezee hapa, mbele yangu, hutaki basi toka."

Alilia, akaenda, akarudi na mfuko wake wa unga. Tangu siku hiyo akawa anameza kwangu kila jioni akija kuniletea maji. Tulikuwa hatuongei habari hiyo. Ananiuliza kama nimekula, namuuliza kama miguu imefura.

Sista nilimweleza siku ya kliniki. Aliweka kalamu chini, akashika paji la uso. "Kukhu, hiyo nimewafanyia mimi."

"Tulichagua wenyewe," nikasema. "Wewe ungenunua sukari, tungekuwa tumekunywa tumemaliza."

Hakucheka. Akasema ataiandika kwenye utafiti wake, kwamba hata zawadi inaweza kumtangaza mtu. Nikamwambia aandike. Kisha nikamwomba jambo lenye maana zaidi, amsaidie yule msichana kufungua mdomo. Akasema kuna njia: waume wote wa wenye mimba huitwa kliniki waje na wake zao, si yeye peke yake, kwa hivyo hakuna wa kushuku. Atakaa nao, mlango umefungwa, na maneno atayasema msichana mwenyewe.

Na aliyasema. Mimi sikuwemo ndani ya chumba kile, kwa hivyo sitasimulia. Ninachojua ni kwamba mume alipimwa akapatikana hana, na siku hiyo hakurudi nyumbani. Alilala machinjioni kwa wenzake, kesho yake pia, na siku zilizofuata. Wifi akaanza kuuliza ndugu yake yuko wapi. Msichana akamjibu, "Kazi ni mingi." Nilikuwa nikisikiliza kupitia ukuta, usiku hatembei, halii, amekaa tu. Na mimi nilikaa upande wangu. Niliwaza kwamba asiporudi, basi nimemtoa binti yangu bure.

Alirudi asubuhi ya Jumapili, ameshika matumbo yamefungwa kwenye gazeti. Alimpa dada yake sehemu, akaingia ndani, akafunga mlango. Mchana wakala pamoja. Baadaye naye akapewa tembe zake za kujikinga, wakawa wanameza wote wawili, kila mtu zake.

Mtoto alizaliwa wa kike, mwenye nywele nyingi. Walimpa dawa yake ya maji kama walivyofundishwa, na siku za kumpima zilipofika damu ya kisigino ikachukuliwa, tukabaki kungoja majibu. Siku ya majibu waliniomba nifuatane nao. Msichana aliitwa ndani kwa sista, mimi na mume tukabaki kwenye benchi, mtoto nikiwa nimempakata. Benchi lile nalijua. Nimelikalia nikiwa na binti yangu ameniegemea.

"Kukhu," mume akasema, anatazama viatu vyake. "Ile beseni. Ilikuwa ya mke wangu?"

Nikamfunika mtoto miguu.

"Dada yangu mpaka leo anaombea marehemu wako. Anasema angejua angemletea matunda." Akainua macho. "Ilikuwa ya mke wangu."

"Ulijua lini?"

"Nikiwa kule machinjioni. Nilikaa nikafikiria, nikaona hakuna mtu anapewanga beseni ya mtu amekufa."

Nikamwambia huo ndio ukweli, hakuna. Akauliza kama angeweza kwenda kwa dada yake, kwa kanisa, kwa watu wa kwetu, awaambie nilidanganya. Maana ni deni, akasema, na yeye halali vizuri nalo.

"Utawaambia nini? Kwamba alikuwa na kifua?" nikamuuliza. "Hakuwa na kifua, baba. Alikuwa na hii hii yetu. Nilichosema kilikuwa kweli. Beseni tu ndiyo ilikuwa uongo."

Mlango ukafunguka. Msichana alitoka ameshika ukuta, na sista nyuma yake, na uso wa sista ndio niliousoma kwanza kwa sababu nimezoea kuusoma. Virusi havikuonekana kwa mtoto. Watampima tena, na tena mpaka aache kunyonya, sista akasema, wasilegeze dawa. Msichana akaketi sakafuni pale pale, watu wakimruka. Mume akainuka, halafu hakujua aende kwa nani, kwa mke au kwa mtoto.

"Mchukue huyu," nikamwambia. "Mikono yangu imekufa ganzi."