Mkwe Nisiyesema Naye

Kwetu Masoko, kwa desturi ya wazee, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni wala hasemi naye. Nikimwona njiani, naingia migombani mpaka apite. Nyumba nyingi siku hizi zimeacha. Yetu haijaacha.

Nilipopata mimba ya kwanza, mume wangu alikuwa Chunya kwenye machimbo ya dhahabu. Nilibaki na wakwe zangu, ila wa kuzungumza naye alikuwa mama mkwe peke yake, naye si msemaji. Mimi pia si msemaji. Kuna siku jua lilizama sijaisikia sauti yangu.

Kliniki, nesi alinipapasa tumbo akasema mtoto ametanguliza makalio.

"Wewe usithubutu kuzalia nyumbani. Uchungu ukianza tu, hospitali Tukuyu."

Bibi mmoja aliyemsindikiza mjukuu wake akacheka. "Siku hizi mnazaa wawili watatu, na bado mnataka daktari! Mimi nilizaa tisa, wote nyumbani."

"Wako wangapi sasa, bibi?" nesi akauliza.

Bibi akaacha kucheka. "Wanne," akasema, akaanza kufunga upya kanga yake.

Tulipanga niende mapema Bulyaga, kwa wifi yangu, ili niwe karibu na hospitali. Kabla sijaenda, kukatokea msiba Suma, mama mkwe akaenda kulala matanga. Asubuhi iliyofuata mvua ilikuwa inanyesha, na uchungu ukanishika nikiwa jikoni. Simu yangu ilikuwa imezima. Baba mkwe alikuwa zizini, anamkatia ng'ombe majani. Nikafungua mdomo nimwite, nikaufunga. Nilifundishwa kwamba nikimwita, mtoto atapata mkosi. Nikinyamaza, nitazalia pale pale, na nesi alikwisha kunikataza.

Nikasukuma sufuria zikaanguka.

Panga likanyamaza. Kisha nikamsikia akiongea na ng'ombe.

"Wewe ng'ombe, vyombo vimeanguka. Kama ni paka, basi. Kama kuna mtu ana uchungu, apige tena."

Nikapiga sufuria kwa mwiko, nikapiga tena.

"Haya, ng'ombe. Nakwenda kuita pikipiki."

Pikipiki ilikuja na mama jirani, akakaa nyuma yangu akanishika. Baba mkwe alisimama ametupa mgongo, anaelekeza njia isiyo na utelezi.

"Mzee, unamwelekeza nani, mgomba?" dereva akamtania.

"Endesha polepole wewe," akasema, bila kugeuka.

Tukuyu walinipasua. Mtoto wa kike, mzima. Jirani akarudi kwa watoto wake, nami nikabaki. Vitanda vingine vilikuwa na mama na dada na chupa za uji. Nikatazama ukuta.

Jioni nesi akaja. "Kuna mzee nje, amelowa chapachapa. Anauliza kama mama ni mzima. Aingie?"

"Hapana. Mwambie ni mzima."

Nilimsikia akimshukuru nesi, kisha akaondoka.

Sasa mtoto anatembea. Anashinda na babu yake, wanabishana kuhusu kuku na ndizi, na mzee anacheka sana. Mimi nawasikiliza nikiwa jikoni. Nilimwomba mama mkwe amfikishie shukrani zangu.

"Anajua," akanijibu, akaendelea kumenya ndizi.

Labda anajua. Lakini mimi sijamwambia.