Niliandika azimio la kususia maziko ya wapinzani, likanirudia kwa mama yangu

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa bendera ile na wa bendera hii. Haya yamenitokea mwenyewe, hapa hapa Mwanakwerekwe. Aibu yangu sijaipunguza hata chembe. Majina tu nimebadilisha, kwa sababu bado naishi mtaa ule ule.

Kwa msiokaa Unguja: huku siasa haifanywi majukwaani tu. Inafanywa barazani, pale nje ya nyumba ambapo wanaume wazima hunywa kahawa na kuiendesha nchi mpaka Magharibi.

Mtaani kwetu kuna baraza mbili zinazotazamana, barabara ya vumbi katikati. Yetu na yao, kila moja na chama chake.

Mimi nilikuwa katibu wa yetu. Cheo hakina ofisi wala mhuri, lakini nilitembea nacho kama waziri.

Mwaka jana bendera yetu ikakutwa imechanika. Nani kaichana? Hatujui mpaka leo. Inawezekana ni upepo. Lakini upepo huwezi kuununia, basi tukawanunia wao.

Tukakaa kikao. Mwenyekiti wetu, Mzee Khatibu, akatamka na mimi nikaandika. Kususia maduka yao. Kutoitikia salamu zao. Kutokwenda kwenye maziko yao. Na kipengele cha nne, hicho nilikitunga mwenyewe nikasifiwa sana: atakayemkaribisha mmoja wao nyumbani kwake, naye ahesabiwe ni wao.

Azimio nikalibandika ubaoni, ubavuni mwa ratiba ya mpira.

Hebu fikirini. Mtu anaswali safu moja na jirani yake, bega kwa bega, anamaliza kwa kutoa salamu kulia na kushoto. Akitoka nje kuvaa viatu, jirani huyo huyo hamuitikii. Na tulijiona tuna msimamo!

Wa kwanza kuonja azimio alikuwa Bi Zuwena. Huyu anafundisha madrasa ya akina mama, ni wa upande wa pili bila kificho, na ndiye anayeosha maiti wa kike mtaa mzima. Mumewe alifariki.

Jeneza lilipita mbele yetu tukiwa tunacheza bao. Wakuu, hata kusimama hatukusimama.

Bi Zuwena alikaa eda yake ya ujane akamaliza. Wiki chache baadaye, Alhamisi asubuhi, mama yangu akafariki.

Mama alikuwa ameacha usia mbele yangu na dada yangu Rukia: "Nkifa, anioshe Zuwena. Mwengine simtaki." Walikuwa mashoga, marafiki wa chanda na pete, tangu usichana wao. Mimi niliitikia "Inshaallah," ile ya kumaliza mazungumzo.

Sasa maiti yuko ndani, maziko ni baada ya Alasiri, na katibu anawaza kipengele cha nne. Nikampigia simu mama mmoja muosha maiti, wa chama chetu, yuko Uroa.

"Kwani huko kwenu hakuna waosha?" akaniuliza.

"Wapo, lakini si wetu."

"Mwanangu, wewe unazika mama au unafanya mkutano?" Akakata simu.

Rukia alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu. "Kaka, usia wa mama unaujua. Nenda. Au nnakwenda mimi, na ntakwenda nnalia njia nzima, watu wakiniuliza ntawambia."

Nikavuka barabara. Ni hatua ishirini, na sijapata kutembea mbali kama siku ile.

"Shikamoo Bi Zuwena."

"Marahaba. Nshasikia. Nlikuwa nnakungojeni."

Kikapu kilikuwa tayari mlangoni, kina sabuni, karafuu maiti na sanda. Nikaanza kujiumauma kuhusu marehemu mumewe. Akaninyanyulia mkono.

"Hayo ntakusikiliza siku nyengine. Kuosha maiti ni fardhi kifaya, deni la mtaa mzima, haiulizi kadi. Mamako anasubiri."

Yuko ndani anamuosha, nje simu yangu ikalia. Mzee Khatibu kaandika kwenye grupu la baraza:

"Tunatoa pole. Kwa kuwa Bi Zuwena ameingia nyumba ya marehemu, kipengele cha nne kinahusika. Wanabaraza hawatofika. Katibu atatuelewa, yeye ndiye mwandishi."

Nilisoma mara tatu. Kila neno lilikuwa halali, na nililihalalisha mimi. Ndugu zangu wanaume waliokuwepo ni watatu, mmoja mgonjwa wa mgongo. Kaburi linachimbwa na nani? Mama anabebwa na nani? Nilikaa kizingitini nikalia kwa sauti, mtu mzima mimi.

Bi Zuwena akatoka, mikono bado ina maji. Rukia akamsomea ile meseji. Akavuka barabara moja kwa moja mpaka kwenye baraza yao.

Nilimsikia kutoka pale nilipokaa. "Wale siku yangu walikaa kitako, nliwaona kwa macho yangu. Na nyinyi leo mnataka kukaa? Basi tofauti yenu na wao nini?"

Wakanyanyuka. Wengine wakaenda na majembe makaburini, wengine wakaja kwetu. Tulimswalia mama, wakambeba kwa kupokezana, na njia ikatupitisha mbele ya baraza yetu. Wenzangu walikuwa na kete mikononi. Mmoja alisimama. Simtaji, asije akafukuzwa.

Siku ya khitma nikaenda kumuomba radhi Bi Zuwena.

"Mimi nshakusamehe," akasema. "Marehemu mume wangu ndo huwezi kumuuliza. Basi fanya kazi."

Kazi yenyewe ni hii: kila Ijumaa baada ya swala, yeye na watu wa msikitini wanatembelea wagonjwa wa pande zote mbili. Siku ya uchaguzi tuliwapeleka vituoni wazee wasiojiweza, bila kuuliza wanakwenda kumpa nani. Bibi mmoja alikitukana chama changu kutoka mlangoni kwake mpaka kituoni, na mimi nimemshika mkono asijikwae.

Mtaniuliza kama nimehama chama. Sijahama, kadi ninayo. Nilichohama ni baraza.

Ijumaa iliyopita aliyekuwa kwenye orodha ni Mzee Khatibu. Mguu umemvimba, hatoki ndani. Tulipopiga hodi akajibu kwa sauti kali, "Bi Zuwena apite. Huyo msaliti abaki nje!"

Bi Zuwena akapita. Nikabaki chini ya dirisha, nikamuombea dua kwa sauti, Mola amponye na amrudishe msikitini kwa miguu yake.

Kisha kutoka ndani: "Amin." Akapumua. "Amin, lakini msaliti."

Nilichojifunza, wakuu, chama kitakupa fulana na kofia, ila jeneza linataka mabega ya jirani. Huko mitaani kwenu mnasusiana mpaka wapi? Semeni hapa, na wa kunitukana karibuni pia. Mimi Ijumaa narudi pale dirishani, na nitarudi mpaka nipate Amin isiyo na lakini.