Mpilipili wa Shangazi

Juzi jirani yangu wa Chumbageni alitaka kung'oa mpilipili uliopukutika, nikamkumbuka shangazi. Alipoolewa Lushoto aliondoka Ngamiani na mpilipili wake kwenye kopo la samli. Alasiri moja ya kipupwe, nikiwa bado mtoto, nilimtembelea, nikaukuta jikoni kando ya mafiga, hauna jani hata moja, umefunikwa kanga kuukuu. Moshi wa kuni ulinitoa machozi, nami nikadhani ni msiba. Nikaketi, nikausomea Fatiha.

Shangazi hakunicheka. Alikwangua shina kwa ukucha, ikatoka harufu mbichi, na ndani pakang'aa kijani.

"Umemsomea mgonjwa, mwanangu, si maiti."

Juzi, na mvi zangu zote, nilimzuia jirani, nikapiga magoti, nikakwangua. Ukucha ukarudi na kijani.