Gundu langu na timu ya Dorji

Leo nimetolewa nje ya nyumba ninayolipia kodi, kisa nina gundu.

Nakaa huku ughaibuni, Penrith, na Dorji, kijana wa Bhutan. Timu ya kwao inacheza lile kombe la vilabu vya nchi za Asia zinazochipukia kisoka. Mechi iliyopita tuliangalia wote, wakafungwa. Nikamtania kwamba kwetu Bongo wangesema mimi ndiye mwenye gundu, nimewaletea mkosi.

Jamaa hakucheka. Kumbe aliliweka moyoni.

Leo mechi ilipoanza akanipeleka uani, kwa adabu zote, na kiti akanibebea. Maharage yangu nimeyaacha jikoni.

Dakika za mwisho akaniambia kupitia dirishani: bado sare, na sare inatuvusha.

Mimi huku nasikia harufu ya kuungua. Nikagonga kioo. Akanionyesha vidole viwili, dakika mbili tu.

Nilivumilia, jamani. Nikashindwa. Nikaingia kwa kunyata, nikazima jiko.

Sekunde ileile wakafungwa.

Sasa tuko mezani tunakula maharage yanayonuka moshi, naye amesogeza kiti chake mbali na changu. Nataka kumwambia gundu ni porojo, ila aliyemfundisha ni mimi.

Wabongo, hivi gundu linatolewaje? Sitanii.